Gari limegongwa na bima ipo: gereji yao, fundi wako, au uchukue hela mkononi?

Naongea na wenye magari wa huku Tanzania, zaidi Dar, maana ndo kwenye madai ninayoyafuatilia, nipo kwenye ofisi ya broka na kazi yangu ni kukimbizana na makampuni ya bima kwa niaba ya wateja. Naongelea gari lililoumia ila bado linatengenezeka. Likishabondeka mpaka gharama ya kutengeneza inakaribia bei ya gari lenyewe hiyo ni habari nyingine, huko unalipwa thamani ya gari na mabaki wanachukua wao au wanakukata, hamna cha kuchagua gereji.

Kabla hujaanza kuchagua chochote toa ule mkataba uangalie una bima gani. Ile ya 118,000 ambayo wengi tunaikata ili trafiki asitusumbue ni bima ndogo, thadi pati, inamlipa uliyemgonga, gari lako we mwenyewe haigusi hata kioo. Bima kubwa ndo inatengeneza gari lako, na kwa gari binafsi hesabu yake imekuwa asilimia 3.5 ya thamani ya gari alafu VAT juu yake, yani Toyota IST ya milioni 15 ni 525,000 na VAT 94,500, jumla 619,500. Kingine angalia matumizi yaliyoandikwa. Kama umekata kama gari binafsi na usiku unapiga teksi mtandao, ukipata ajali ukiwa na abiria jiandae kukataliwa, hilo nakwambia mapema kwa sababu watu wanalia sana hapo na mkataba hauko upande wao.

Sasa wenye bima kubwa mna njia tatu: kupeleka gari kwenye gereji ya kampuni ya bima, kupeleka kwa fundi wako mwenyewe, au kuchukua hela ukatengeneze unavyojua. Na kama we ndo umegongwa na mwenye makosa anajulikana, ipo ya nne, kudai kwenye bima yake yeye.

Gereji ya kampuni

Kila kampuni ina orodha ya gereji inazofanya nazo kazi. Watu wanadhani faida yake ni mafundi, hapana, mafundi wazuri wapo hata chini ya mwembe. Faida ni kwamba gereji na kampuni wanadaiana wenyewe kwa wenyewe. Gereji inaandika profoma, yani makadirio ya gharama, asesa, yani mkaguzi wa hasara wa kampuni, anakuja anakagua anapunguza, wanavutana huko, we unatoa eksesi tu, ile sehemu ya gharama unayochangia mwenyewe, siku ya kuchukua gari. Na la pili ambalo kwangu ndo kubwa zaidi, dai linabaki wazi mpaka kazi iishe.

Ngoja nieleze hilo la dai kubaki wazi maana ndo limebeba uamuzi wote. Chukua IST iliyoingia nyuma ya fuso kwenye foleni ya Mandela. Kwa nje unaona bampa limepasuka, taa ya kushoto imevunjika vishikio, fenda imekunjika na boneti imenyanyuka kidogo. Asesa anafika anapiga picha pande zote, namba ya chesisi, kilomita kwenye dashibodi, anaanza kuandika: bampa kubadilisha, taa kubadilisha, fenda kunyoosha, boneti kunyoosha, rangi mbele. Fundi alikuwa kaandika fenda kubadilisha, hapo wanabishana kidogo, asesa anashinda. Kila mtu anaona kazi inajulikana. Kesho yake fundi anafungua bampa anakuta ule mti wa chuma wa nyuma yake umepinda, kondensa ya AC imesukumwa mpaka imelalia redieta, alafu anashusha boneti anapitisha kidole kwenye uwazi kati ya boneti na fenda, upande mmoja kinapita upande wa pili hakipiti. Maana yake pua ya gari imehama, hiyo inatakiwa kuvutwa kwenye mashine na sio kugongwa nyundo.

Kwenye gereji ya kampuni hapo kinachofanyika ni profoma ya nyongeza, asesa anarudi anaangalia anasaini, kazi inaendelea na we mfuko wako haujaguswa zaidi ya eksesi kuongezeka kidogo. Kwenye ile njia ya kuchukua hela, hiyo kondensa ni yako.

Ubaya wake sasa. Foleni. Gereji zinazopendwa na makampuni zina magari yamejaa mpaka nje ya geti na la kwako linaweza kukaa limefunguliwa bampa wiki nzima linasubiri idhini, na kama kampuni ina tabia ya kuchelewesha malipo basi gereji nayo inachelewesha kazi, hawatakwambia hivyo ila utasikia "spea bado hazijafika bosi". Bima nyingi kubwa hazikupi gari la kutumia wakati la kwako lipo gereji, labda uwe ulilipia nyongeza hiyo, kwa hiyo nauli za bolt na bajaji kila siku ni zako, ziweke kwenye hesabu.

Kuna na swala la spea. IST zilianza kutoka kiwandani 2002, hizi zinazozunguka mjini nyingi zina umri wa mtu mzima, kwa hiyo usitegemee asesa aidhinishe spea mpya orijino ya dukani. Atapitisha used ya Japani, na mimi naona ni sawa kabisa, taa used iliyotoka Japani ni bora mara kumi kuliko ile mpya ya bei chee ambayo baada ya mvua mbili inaingia maji. Ukilazimisha mpya wanakwambia sawa, ila uchangie, kwa sababu umeweka kitu kipya kwenye gari la zamani. Hilo la kuchangia linakuwepo kwenye mikataba mingi na halina ubaya, ubaya ni kuambiwa siku ya kuchukua gari. Uliza siku ya kwanza, ujibiwe kwa barua pepe.

Eksesi nayo uielewe. Utakuta imeandikwa asilimia 10 ya dai na chini yake kuna kiwango ambacho haishuki. Sasa ukiwa na mkwaruzo mdogo wa bampa unaweza kukuta eksesi ya chini inakaribia gharama nzima ya kazi, hapo kudai ni kujisumbua na unapoteza punguzo la mwaka ujao la kutodai. Mkwaruzo mlipe fundi, bima iache.

Fundi wako mwenyewe

Hii watu wanaipenda, "mimi fundi wangu analijua gari langu". Sikatai. Kampuni nyingi zitakubali ukiomba, ila kuna vitu viwili vinakwamisha na vyote havihusiani na ufundi.

Cha kwanza risiti. Kampuni ya bima inataka profoma yenye TIN na mwisho wa kazi risiti ya EFD. Fundi wako wa Tandale anaweza kuwa hatari kwa kunyoosha bodi lakini kama risiti yake ni karatasi ya daftari, malipo hayatoki, na hamna maneno utakayomwambia mtu wa uhasibu akaelewa. Wengine wanaenda kuomba risiti kwa jirani mwenye mashine, naomba usifanye hivyo, jina la gereji aliyokagua asesa na jina la kwenye risiti yakipishana umejitengenezea kesi ya udanganyifu kwa dai ambalo lilikuwa la halali.

Cha pili ni nani anatanguliza hela. Gereji ya kampuni inaweza kununua spea ikasubiri kulipwa, fundi wako hawezi, anataka advansi aende Gerezani akanunue. Kwa hiyo unatoa wewe kwanza alafu unarudishiwa baadae, na unarudishiwa kile alichopitisha asesa. Fundi kaandika 2,600,000, asesa kapitisha 2,100,000, hiyo laki tano ni yako au ni ya kubembelezana na fundi. Inabidi umkutanishe asesa na fundi uso kwa uso kabla ya kazi kuanza, sio baada. Na spea zilizotolewa zisitupwe wala fundi asiziuze, weka kwenye buti, asesa akirudi kuhakiki atazitaka na kampuni ina haki ya kuzichukua.

Mimi hii njia naipendekeza kwa mwenye gari ambalo sio la kawaida, gari la Ulaya au la mfumo wa haibridi ambalo kweli mafundi wanaolijua ni wa kuhesabu, na fundi huyo ana kampuni iliyosajiliwa. Nje ya hapo usumbufu wake unazidi faida.

Kuchukua hela

Hapa ndo patamu na ndo watu wanapopotelea. Unaambiwa "tukupe keshi ukatengeneze mwenyewe", unaona kama wamekurahisishia. Weka namba pembeni kwa pembeni, hizi ni za mfano tu ila mpangilio wake ndo huo:

Gereji ya kampuni: kazi milioni 3, VAT 540,000, jumla 3,540,000. Eksesi asilimia 10 ni 354,000. Unatoa 354,000, gari linatoka limeisha.

Keshi: kazi milioni 3, VAT wanaitoa kwa sababu hamna risiti, wanakata eksesi 300,000, unapewa 2,700,000. Fundi wako anakwambia milioni 2 inatosha. Unabaki na laki saba.

Laki saba hiyo inapendeza, usiniambie haipendezi. Badala ya kutoa 354,000 umeingiza laki saba, tofauti ni zaidi ya milioni moja. Sasa rudi kwenye ile IST yetu, bampa limefunguliwa, kondensa na pua ya gari vinadai 900,000. Laki saba imekwisha na unaongeza laki mbili, na gari limenyooshwa kwa mnyororo na mti. Huwezi kurudi kampuni kwa sababu ulisaini dischaji vocha.

Hiyo vocha isome neno kwa neno. Ni karatasi moja tu, inasema umepokea kiasi fulani ikiwa ni malipo kamili na ya mwisho kwa ajali ya tarehe fulani, na kwamba huna dai jingine lolote kutokana na ajali hiyo. Ukishasaini, mlango umefungwa. Nimeona watu wanasainishwa vocha kwenye korido wakiwa wamesimama, wanaambiwa ni utaratibu tu. Hamna anayekukataza kuondoka nayo ukaisome nyumbani. Na ile ofa ya kwanza ya keshi huwa sio ya mwisho, mwombe ripoti ya asesa uone kapitisha shilingi ngapi, ukikuta asesa kapitisha milioni 3 na we unaambiwa milioni 2 na laki mbili uliza hiyo tofauti imeenda wapi, mara nyingi hawana jibu na namba inapanda hapo hapo.

Keshi naikubali pale ambapo kila kilichoumia kinaonekana kwa macho. Mlango umekunjwa, kioo cha pembeni kimevunjwa na bodaboda, bampa la nyuma limepasuka kwenye mwendo wa foleni, hapo chukua hela, tafuta mlango used wa rangi ile ile, maisha yaendelee. Ajali ya mbele kwa mwendo, ajali iliyofungua eabegi, tairi lililoingia mtaroni likapinda miguu ya mbele, hizo usichukue hela hata wakikuongezea. Hiyo ndo kanuni yangu na wateja wangu wananichoka nayo, kama fundi hajafungua, usisaini.

Alafu kama gari lina mkopo wa benki, jina la benki lipo kwenye mkataba wa bima. Keshi haitakuja kwako moja kwa moja, benki lazima iandike barua ya kuridhia, kwa hiyo kama ulikuwa unahesabu hiyo hela kwa ada za shule za mwezi ujao isahau.

Bima ya aliyekugonga

Hii ni kwa aliyegongwa, haijalishi una bima kubwa au ndogo, na kwa mwenye ndogo ndo njia pekee. Pale pale barabarani piga picha namba za gari lake, leseni yake, alafu ingia kwenye TIRA MIS, ule mfumo wa mtandaoni wa TIRA, mamlaka ya bima, uhakiki kama bima yake ipo hai kweli, maana zamani kulikuwa na stika feki nyingi mpaka mamlaka ikahamishia stika kwenye mfumo wa kielektroniki. Ukikuta haipo hapo unajua mapema kwamba utamdai yeye binafsi, na mtu ambaye hana hela ya thadi pati hela ya bampa lako ataitoa wapi.

Uzuri wa kupita huku: hakuna eksesi, rekodi yako ya kutodai haiguswi, na unaweza kudai na hasara ya kukaa bila gari, kitu ambacho bima yako mwenyewe kwa kawaida haikupi. Sisemi watakupa kirahisi, lakini weka risiti za usafiri na ukiwa unafanya biashara na gari weka ushahidi wa mapato.

Ubaya ni kwamba kwa ile kampuni we sio mteja. Mteja wao ni yule aliyekugonga, na asipojaza fomu ya dai kwao hawana haraka na wewe. Wanataka ripoti ya polisi inayoonyesha mwenye makosa ni nani, na polisi nayo ina mwendo wake. Kuna watu wanasubiri miezi. Ukiwa na bima kubwa na unahitaji gari ushauri wangu ni kupita kwenye bima yako, tengeneza gari, alafu kampuni yako ndo imfuate yule mwenzake, wana wanasheria wa kazi hiyo, na uandike barua kabisa kwamba wakirudishiwa na eksesi yako wairudishe. Usipoandika hakuna atakayekumbuka.

Kumalizana barabarani mimi siipendi ila inafanyika kila siku. Kama ni taa ya indiketa na mtu anatuma kwenye simu hapo hapo, sawa. Kuzidi hapo hapana. Mkataba wako unakukataza kukubali makosa au kuahidi malipo bila kampuni kujua, ukishamwandikia mtu kwenye karatasi "nakubali nitatengeneza" umeipa bima yako sababu ya kujitoa.

Karatasi na muda

Njia yoyote utakayochukua karatasi ni zile zile, fomu ya dai, kadi ya gari, leseni ya aliyekuwa anaendesha, ripoti ya ukaguzi wa gari, ramani ya ajali na ripoti ya mwisho ya polisi. Kama kuna aliyeumia kuna PF3 pia, ile fomu ya polisi ya matibabu, na hiyo inaanza kabla ya mambo ya mabati. Toa taarifa kwenye kampuni siku hiyo hiyo au kesho yake hata kama polisi hawajamaliza, na gari lisiguswe spana kabla asesa hajaliona.

TIRA inataka dai lilipwe ndani ya siku 45, ila zinahesabiwa nyaraka zikishakamilika, na hapo ndo mchezo ulipo. Leo unaambiwa imebaki nakala ya leseni, wiki ijayo imebaki ramani, kila kinachobaki kinarudisha kalenda mwanzo. Dawa yake ni kupeleka nyaraka zote na barua yenye orodha, nakala moja wagonge muhuri wa kupokea na tarehe, ubaki nayo. Siku 45 zikipita andika malalamiko kwa kampuni, wasipojibu peleka kwa Msuluhishi wa Migogoro ya Bima, hiyo ofisi ipo kwa ajili ya watu kama sisi na huhitaji wakili. Nakala ile yenye muhuri ndo ushahidi wako wa kwanza pale.

Siku ya kuchukua gari gereji watakupa karatasi ya kuridhika usaini, na hiyo nayo inafunga dai kama vocha. Nenda mchana, rangi iangalie juani na sio ndani ya gereji kwenye taa. Pitisha kidole kwenye uwazi wa boneti pande zote mbili. Washa AC uiache dakika kumi gari likiwa limesimama, angalia geji ya joto. Alafu liendeshe barabara iliyonyooka uachie usukani kidogo, likivuta upande mmoja, mrudishie fundi ufunguo na karatasi uondoke nayo bila saini.